Kuku wa jirani na njegere za masta

Kuku wa jirani yetu kule Goba wamekula masta ya mtu. Sio yote, ni sehemu yake, na aliyewapa ni mimi kwa mkono wangu, tena nikiwa naimba kabisa. Nimekaa na hii stori miaka kadhaa naona aibu kuisema ila sasaivi hata mwenye masta yake akiikumbuka anacheka, kwaiyo nadhani naruhusiwa.

Nianzie nyuma kidogo. Nilikua nimemaliza diploma ya maabara, kazi hamna, nipo home Temeke namsaidia mama biashara yake ya asubuhi, mbaazi za nazi na chapati na chai ya rangi, af kuna kaka mmoja nilikua nasali nae yeye anasoma masta ya mambo ya mazao akaniambia dada natafuta mtu wa kunisaidia utafiti, elfu kumi kwa siku na nauli juu yangu. Utafiti wa nini? Njegere. Njegere hizi hizi za kwenye wali? Hizi hizi. Nikacheka moyoni, mtu anasoma miaka yote hiyo aje kuhesabu njegere, ila nikakubali maana elfu kumi ni elfu kumi.

Wazo lake lilikua simpo tu. Njegere ni zao la baridi, hizi tunazokula Dar zinashuka kutoka Lushoto, Njombe, Arusha huko, zinaingia Ilala na Kariakoo alfajiri na saa tatu zishamenywa zipo kwenye sahani zinauzwa. Sasa joto linazidi kupanda hata milimani, na yeye akasema badala ya kusubiri joto limfuate njegere kule juu, anaishusha njegere yenyewe kwenye joto, hapa hapa Dar, aone ipi inastahimili. Na hakutaka kujua kilo tu. Alitaka kujua zikizaa kwenye joto hizo punje bado ni chakula au ni maganda matupu. Akachukua aina sita za mbegu, akapewa kipande cha uwanja na ndugu yake Goba, tukajaza udongo ndoo 72, na kule nje kidogo ya mji wa Lushoto akapanga ploti ndogo kwa mkulima mmoja kwa ajili ya kulinganisha.

Msimu wa kwanza tulipanda mwezi wa kumi na mbili. Ukiwa mtu wa Dar ushajua kitakachotokea. Zikaota vizuri mpaka nikaanza kupiga picha, zikapanda kwenye vijiti na vile vikamba vyake vya kujishikilia, mwisho wa mwezi wa kwanza maua meupe yakatoka nikamtumia kaka picha nikaandika "tumetoboa". Wiki iliyofuata asubuhi nakuta maua chini. Kesho yake tena. Nikadhani kiu, nikaongeza maji, yakazidi kudondoka. Nikadhani nyuki hamna, kaka akaniambia njegere haina shida na nyuki, ua lake linajichavusha lenyewe kabla hata halijafunguka, tatizo ni joto, mchana ukipita nyuzi 27 hivi maua yanaanza kupata shida, chavua inadhoofika, na sisi mwezi wa kwanza na wa pili tunagonga 32 bila hata kujisikia vibaya, ni maisha ya kawaida tu ya feni na maji baridi. Msimu ule ndoo nyingine hazikutoa hata ganda moja. Mimi ningekua ni yeye ningelia, yeye akaandika sifuri kwenye daftari vizuri kabisa, sifuri, sifuri, sifuri, kwa kalamu ileile na mwandiko uleule kama anaandika namba nzuri. Nikamuuliza mbona unaandika kama kuna kitu, akasema sifuri ni data dada, ambayo sio data ni ile sehemu uliyoacha wazi.

Kitu kingine tulichokiona msimu ule ni majani kuwa ya njano. Mimi nilikua najua jamii ya kunde zinajitengenezea mbolea zenyewe, tulifundishwa toka shule ya msingi, sasa hizi mbona zina njaa? Tukang'oa mche mmoja tukaosha mizizi, hamna vinundu, viwili vitatu tu vidogo. Af jirani yetu wa upande wa pili wa ukuta ana kunde zake zimejaa mpaka zinapanda juu ya banda la kuku, tukamwomba mche tukang'oa, vinundu vimejaa kama shanga, ukikata kimoja kwa wembe ndani ni pinki kama nyama, na hiyo pinki ndo dalili kwamba vinafanya kazi. Udongo uleule, mtaa uleule. Kumbe hawa bakteria wana chaguo lao, wanaokaa na kunde sio wanaokaa na njegere. Njegere inataka wa kwake, anaitwa Rhizobium leguminosarum, na Goba ambapo hakuna mtu amewahi kulima njegere huyo mgeni hayupo, au yupo kidogo sana.

Ndo tukaenda Lushoto. Ilikua tukaangalie ploti ya kule ila tukarudi na kiroba cha udongo kutoka shamba ambalo njegere zimelimwa miaka na miaka, tuuchanganye kidogo kidogo kwenye ndoo zetu. Konda pale Lushoto akanyanyua kile kiroba akauliza viazi? Kaka akajibu udongo. Konda akakiweka chini taratibu kabisa. Udongo wa nini bro? Wa utafiti. Abiria wa siti ya mbele akageuka akatuangalia, akahama siti. Tumeshuka zile kona mpaka Mombo mimi na kiroba changu miguuni hakuna anayetuongelesha, na nina uhakika mpaka leo kuna mtu anasimulia alivyopanda gari moja na watu wametumwa na mganga.

Msimu wa pili tukapanda mwisho wa mwezi wa tano ili maua yaje mwezi wa saba kwenye kale kabaridi ketu ka kujifunika shuka. Na hapo njegere zikazaa. Sio kama Lushoto, lakini zikazaa, na majani yakawa kijani, na nikaanza kuelewa kwamba "mavuno" ni neno linaloficha mambo mengi ndani. Kaka hakua anapima kilo akaishia hapo. Anahesabu miche mingapi imebaki hai, kila mche una maganda mangapi, kila ganda lina punje ngapi, punje mia zina uzito gani. Kwa sababu hizi namba zinafidiana, mche wenye maganda machache unaweza ukajaza punje kubwa, wenye maganda mengi punje zikawa vijipunje tu, ukipima kilo peke yake unaona wamelingana kumbe kila mmoja kafika kwa njia yake, na joto halikati namba zote kwa pamoja, linaanza na maua na maganda, likichelewa ndo linakuja kula kwenye ujazo wa punje.

Hapo kwenye kuhesabu nilichafua kidogo. Tulipaswa kuchagua miche michache kwa kila ploti ya kule Lushoto tuichambue, na mimi bila kuambiwa na mtu nikawa nachagua iliyopendeza. Sio kwa kudanganya, mkono tu unaenda wenyewe, kama unavyochagua nyanya. Supavaiza wake siku hiyo alikuja kuangalia, mzee mpole, nikamwamkia shikamoo Dokta akaitikia akasimama nyuma yangu kama dakika tano hivi haongei, af akaniuliza mwanangu ule pale mbona umeuruka? Nikasema umedumaa Dokta. Akasema basi huo ndo mkulima anaoupata na wewe unamficha. Akanitolea karatasi ya namba za kubahatisha, mche wa 4, wa 11, wa 17, unaotoka ndo huohuo hata kama ni mbaya, na miche ya pembeni kabisa mwa ploti usiiguse maana ile inapata jua na nafasi kuliko wenzake. Nilinuna siku nzima. Alikua sahihi.

Sasa tuje kwenye kuku.

Mavuno ya Goba yalipokauka tukayaweka kwenye bahasha za kaki, kila bahasha na lebo yake, na kaka akaniachia kazi moja kabla ya kupima uzito, akasema dada safisha hizi, toa maganda, toa vumbi, toa zilizovunjika. Af akapanda basi akaenda Lushoto. Mimi nikakaa kwenye mkeka chini ya mwembe na ungo wa mama, redio inaimba, nikaanza kusafisha kwa akili ya nyumbani. Na akili ya nyumbani inasema punje nzuri ni ya duara, imejaa, inateleza. Nikafika kwenye bahasha fulani nakuta punje zote zimejikunja, zina mabonde mabonde kama zabibu kavu. Nikasema ohoo, hizi joto limezimaliza. Nikatoa zilizojikunja zote nikabakiza zile chache ambazo kidogo zina unene, bahasha ikabaki nyepesi kama haina kitu, nikapima nikaandika. Bahasha ya pili ya aina hiyo vilevile. Nikajiona mchapakazi kweli. Zile mbovu zikajaa kopo la kilo moja la rangi, jirani akapita kwenye uwazi wa ukuta akasema hizo unatupa? nikamwambia chukua jirani yangu ukawape kuku, na nikamsaidia kuzimwaga.

Kaka alirudi baada ya siku mbili akafungua daftari. Nakumbuka alivyokunja uso. Akasema dada hii aina namba tano imetoa gramu nne kwa mche? Nikasema ndio, joto limeiua. Akarudi nyuma kurasa kadhaa kwenye daftari la kuhesabu, mwandiko wangu mwenyewe, maganda tisa, punje tano tano sita sita. Akasema sasa punje arobaini na kitu zinakuaje gramu nne, kila moja itakua na uzito gani? Tukaangaliana. Akaniuliza umesafishaje. Nikamwambia. Hakupiga kelele, bora angepiga, alikaa kwenye ndoo akashika kichwa akauliza ziko wapi. Nikaonyesha ukuta. Kule ng'ambo kuku wanakwaruza kwa raha zao.

Kumbe kati ya zile aina sita mbili ni za kujikunja kwa asili. Ndivyo zilivyo. Zikiwa mbichi huwezi kuona tofauti, zikikauka ndo zinajikunja, hata ukizipa hali ya hewa ya Ulaya na mbolea ya dhahabu. Na sio tofauti yoyote tu, ni ile tofauti maarufu kuliko zote kwenye sayansi ya urithi, mimi mwenyewe niliifanyia mtihani wa form four na nikapata vema. Mendel. Yule mtawa wa Brno, siku hizi ipo Jamhuri ya Cheki, alianza na njegere zake 1856 akachapisha 1866, na moja ya vitu alivyohesabu ni punje za duara na za makunyanzi, akapata 5,474 za duara na 1,850 za makunyanzi, karibu kabisa na tatu kwa moja. Nilikariri "laini ni tawala, makunyanzi ni fichwa" nikaandika kwenye karatasi nikapata maksi nikafaulu, af siku njegere za Mendel zimenikalia mapajani kwenye ungo nikazimwagia kuku. Hapa ndo naona elimu yangu ilikua imekaa wapi.

Kaka badala ya kunifukuza akanifundisha, nadhani alihitaji kuongea ili asilie. Akasema mtu hakujua kwenye DNA ni kitu gani kinazikunja mpaka 1990, watafiti wa taasisi ya John Innes kule Norwich Uingereza wakagundua kwamba kuna kipande cha DNA cha ziada kimejichomeka katikati ya jeni moja, jeni linalotengeneza kimeng'enya cha kuupa wanga matawi. Kikiharibika hicho mmea unashindwa kugeuza sukari kuwa wanga kama kawaida, sukari inabaki nyingi, sukari inavuta maji, punje mbichi inavimba kuliko mwenzake, ikija kukauka yale maji yanaondoka ganda linabaki pana kuliko kilichomo, linakunjamana. Kama shati la mtu aliyekonda. Ndo maana hizo ndo tamu zaidi zikiliwa mbichi, na ndo maana njegere za kwenye mifuko ya friza kule kwa wenzetu nyingi ni za jamii hiyo, na za duara zinakwenda zaidi kwenye za kukausha. Mimi nilichokiita ubovu ndo utamu wenyewe.

Siku nyingine kwenye maabara akanionyesha kwa maikroskopu. Unakwangua unga kidogo kwa wembe, tone la maji, tone la ayodini, unaangalia. Ya duara vipande vyake vya wanga ni vizima, mviringo kama andazi. Ya makunyanzi vimepasuka pasuka, kila kimoja kama chapati iliyokatwa vipande ikasogezwa pamoja tena. Nilikaa na ile hadubini muda mrefu kuliko nilivyohitaji. Na hapo ndo nilielewa pia kwamba kujikunja kuna aina mbili, kuna kwa asili na kuna kwa njaa. Ile ya njaa, joto likiipiga punje katikati ya kujaa, inakuwa bapa, nyepesi, upande mmoja umeingia ndani, na kwenye bahasha moja unakuta zipo na nzuri zipo. Ya asili bahasha nzima inafanana, mabonde pande zote. Mtu mwenye macho anaona kwa sekunde moja. Mimi nilikua na macho ya ungo.

Kilichotuokoa ni uvivu wangu. Kila aina ilipandwa kwa marudio manne, na nilikua nimesafisha marudio mawili tu kati ya hayo, mengine nilisema nitamalizia kesho, na kesho yake mvua ilinyesha. Kwaiyo zile aina mbili zilibaki na nusu ya data, na kaka akaandika kwenye tasnifu yake waziwazi kwamba ploti fulani zilipotea wakati wa kusafisha mbegu. Kuku hakuwataja. Nilimshukuru.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kuogopa kila kitu, na kuogopa huko kulisaidia. Mfano mizani. Bahasha moja niliipima Jumatatu, nikaipima tena Alhamisi imeongezeka uzito. Zamani ningesema mizani mbovu nikaendelea, sasa nikamwita. Kumbe njegere kavu zinavuta unyevu kwenye hewa, na hewa ya Dar msimu wa mvua ni kama kulala na kitambaa kibichi, punje zilezile unapima maji af unaandika mavuno. Tukaanza kukausha sampuli kwenye oveni nyuzi 105 kujua maji ni kiasi gani, na uzito wote tukaurudisha kwenye kiwango kimoja cha unyevu ndo tukalinganisha. Wanaonunua mazao kwa kilo wanaijua hii siri vizuri sana, ila hiyo ni ya siku nyingine. Na fukusi nao, bahasha mbili zilibunguliwa kwenye droo, vitundu vya duara kama mtu katoboa na pini, toka hapo mbegu zote zililala kwenye friza kwanza.

Af ikaja protini, na hapa ndo penye jambo lenyewe.

Kupima protini kwa njia ya Kjeldahl ni upishi. Mwenye jina alikua Mdenmaki, alifanya kazi maabara ya Carlsberg Copenhagen, akaitoa hiyo njia 1883 kwa ajili ya nafaka za bia, na mpaka leo tunaitumia. Unasaga njegere, unapima unga kidogo mno, unachemsha kwenye asidi kali ya salfyuriki mpaka ule weusi uishe ubaki kimiminika angavu, unageuza naitrojeni yote kuwa amonia, unaikamata, unadondosha asidi tone kwa tone mpaka rangi ibadilike. Maabara tuliyokodi umeme ulikatika katikati ya kuchemsha mara mbili na kila mara ni kuanza upya. Mwisho unapata naitrojeni unazidisha kwa 6.25 unaita protini. Yaani hujapima protini, umepima naitrojeni ukakisia, na kwa njegere wataalamu wengi wanasema hiyo namba inakuza kidogo, ila kwa kua kila mtu anatumia hiyohiyo mnalinganisha. Hilo nalo lilinishangaza, kwamba namba kubwa kubwa za kwenye pakiti zimekaa juu ya kukubaliana tu.

Njegere kavu kwa kawaida inakaa kwenye 20 hadi 25 kwa mia ya protini. Majibu yalipotoka mimi ndo nilikua naandika, nikaona za Goba, zile zilizonyanyasika na joto, zimezipita za Lushoto kwa asilimia. Nikarukaruka. Nikampigia kaka, bro joto linaongeza protini! Tumepata jambo! Akacheka akasema hebu nitajie uzito wa punje mia wa hizo. Nikataja. Akasema haya piga hesabu, chukua shamba linalotoa kilo 10 zenye protini 22 kwa mia, ni kilo 2.2 za protini. Lingine linatoa kilo 6 zenye 27 kwa mia, ni kilo 1.62. Nani kala zaidi? Joto halikuongeza protini dada, limepunguza wanga. Punje ikikosa muda wa kujaa wanga ndo unaoumia zaidi, protini ilishaingia sehemu yake, kwaiyo asilimia inapanda kwa sababu kilichobaki ni kidogo. Ni kama kumwagia maji machache kwenye sukari ileile ukasema umeongeza sukari.

Nilienda na hiyo hesabu nyumbani nikamweleza mama, tena kwa kujidai, jikoni saa kumi na moja alfajiri yeye anakoroga nazi. Akanisikiliza mpaka mwisho af akaniuliza, "Na zinaiva kwa muda gani?" Nikasema hilo hatujapima. Akasema mwanangu, mimi nikienda sokoni siulizi kilo wala hiyo protini, nauliza hizi mbaazi za mwaka gani. Mbaazi iliyokaa haiivi, inakula gunia la mkaa, nikiweka magadi inalainika lakini ladha inaharibika. Hicho unachopima kama hakijaiva kinaingia mwilini kwa mlango gani?

Nikamfikishia kaka nikidhani atacheka, akanyamaza, af akasema hilo ni swali la utafiti kabisa, kuna kifaa kinaitwa Mattson chenye vipini, kila kipini kinakalia punje moja ndani ya maji yanayochemka, punje ikiiva kipini kinazama, unahesabu dakika. Na mambo ya kukaa stoo yapo, maharage na mbaazi zikikaa kwenye joto na unyevu mwingi zinakuwa ngumu kuiva, na stoo za Dar ni joto na unyevu. Magadi kweli yanalainisha ila yanaua vitamini B1. Hela ya kununua kifaa hatukua nayo. Aliishia kuandika sentensi moja mwishoni mwa tasnifu kwamba muda wa kuiva upimwe huko mbele, na akaniambia hiyo ni sentensi ya mama yako.

Kutoka hapo nikawa naona chakula tofauti. Protini ya njegere ina lisini nyingi na upungufu wa methionini, hivi ni viungo viwili vinavyojenga protini, mchele na mahindi ni kinyume chake, kwaiyo wali na njegere sio mazoea tu, kimoja kinajaza shimo la mwenzake. Chuma kipo lakini kuna asidi ya fitiki inakishikilia, ndimu au kachumbari ya nyanya pembeni inasaidia mwili kukipata. Na kuhusu zile za makunyanzi, mwaka 2020 watafiti wa Imperial College London na hao hao wa John Innes walitoa kazi yao kuonyesha kwamba zinaliwa bila kupandisha sukari ya damu kwa ghafla, kwa sababu wanga wake haumeng'enywi haraka. Kaka alinitumia ile habari saa tano usiku. Hakuandika neno, aliweka tu alama ya kuku.

Sio kwamba ni dawa, waliopimwa walikua watu wazima wenye afya zao, msije mkasema nimewaambia mtibu kisukari kwa njegere. Ila niliwaza lile kopo la rangi.

Alihitimu. Mimi nilipata kazi kwenye maabara nyingine, napima vyakula vya mifugo, na najulikana kwa kusumbua watu na lebo. Kwenye droo yangu nyumbani nina bahasha moja ya kaki yenye punje kama thelathini za namba tano, alinipa yeye, na kila mwezi wa tano mwishoni napanda chache kwenye ndoo nyuma ya nyumba. Zinazaa kidogo, mama anazichemsha na chumvi tu anasema hizi tamu, mbona mbaya hivi.

Yule jirani wa Goba nilikutana nae mwaka jana kituo cha Mbezi tukasalimiana vizuri, tukaulizana watoto, af akaniuliza kwa sauti ya chini kama anaulizia deni, jirani vile vya kuku viliishaga kabisa? Maana walitaga wale.